Mwajiri yuko ng'ambo, mtumishi yuko kijijini: Ni nani wa kuulizwa?

KATIKA maboma mengi ya mashambani nchini, mtu anayejua kwa hakika kama bibi kizee ameamka salama si mwanawe wala mjukuu wake. Ni mtumishi aliyeajiriwa kwa simu na mwajiri ambaye hajapata kumwona ana kwa ana. Mwajiri huyo yuko Dallas, Leeds, Doha au Melbourne. Mshahara unatoka kwake, dawa zinanunuliwa kwa fedha zake na mambo yanapoharibika, lawama humrudia yeye. Hata hivyo, mtumishi huyo akiulizwa mwajiri wake ni nani, huenda akasita kabla ya kujibu.

Kusita huko ndiko kiini cha suala ambalo kwa muda mrefu limeachiwa familia, ilhali ni suala la sheria ya kazi.

Kwa mujibu wa Benki Kuu ya Kenya, Wakenya wanaoishi ng'ambo walituma nyumbani karibu dola 4.95 bilioni mwaka wa 2024, kiasi kinachozidi Sh630 bilioni. Fedha hizo hujenga nyumba, hulipa karo na kugharimia matibabu. Sehemu yake huishia kwa yaya anayelea watoto walioachwa, kwa mlinzi wa nyumba isiyo na mwenyewe, kwa mchungaji wa ng'ombe watatu wa maziwa, na kwa mwanamke anayemwogesha mzee aliyepooza. Hao ndio wafanyakazi wa diaspora ambao hutajwa mara chache viongozi wanapozuru miji ya ng'ambo kuwashukuru Wakenya kwa kutuma fedha.

Kwa kawaida mwajiri akiwa mbali hudhani kwamba tatizo lake ni umbali. Hununua kamera, hupiga simu mara tatu kwa siku, na hubadilisha watumishi kila baada ya miezi michache. Umbali una taabu zake, lakini kinachovuruga zaidi ni yule mtu wa katikati: dada, shemeji, binamu au jirani anayeombwa "kuangalia mambo". Mtu huyo hupewa mamlaka yote ya mwajiri bila kuambiwa mipaka yake. Yeye ndiye humtafuta mtumishi, humwonyesha kazi, hupokea fedha na kuzigawa, na ndiye humfukuza. Mwenye fedha huamini kwamba amekabidhi kazi kwa mikono salama. Mtumishi naye hujikuta ana mabwana wawili, mmoja anayelipa na mwingine anayeamuru, na kila mmoja anaweza kumwelekeza kwa mwenzake siku ya kudai haki.

Ni vyema kusema wazi kwamba si kila msimamizi ni mwizi. Wengi wao hufanya kazi hiyo bila malipo yoyote, huku wakiwa na mashamba, watoto na ajira zao. Dada aliyebaki nyumbani huamshwa usiku wa manane mama anapougua, kisha asubuhi hukemewa kwa simu na ndugu aliyeko ng'ambo kwa sababu stakabadhi ya duka la dawa haikutumwa. Kazi ya usimamizi ni kazi. Familia zinazoichukulia kuwa fadhila ya milele ndizo zinazovuna manung'uniko, na manung'uniko hayo humwishia mtumishi.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 ina fafanuzi ambalo wengi hawajalisoma. Katika kifungu cha pili, mwajiri ni yule aliyefanya mkataba wa kumwajiri mtu, na neno hilo linajumuisha pia wakala wake, msimamizi wake au meneja wake. Maana yake ni nzito. Mwana aliyeko Boston hawezi kujitetea kwamba hakuwapo wakati mtumishi alipofanyiwa visivyo, maadamu kazi ilifanywa kwa niaba yake. Wakati huo huo, dada aliyemwajiri mtumishi kwa kinywa chake na kumlipa kwa mkono wake anaweza kujipata akijibu madai kortini kana kwamba fedha zilikuwa zake. Aliyedhani kuwa anamsaidia ndugu huwa amebeba mzigo wa kisheria bila habari.

Kuwa mbali hakumwondolei mwenye fedha hatari hiyo. Mtumishi ana muda wa miaka mitatu kuwasilisha madai yake tangu kosa lilipotendeka. Mwajiri aliyeko ng'ambo kwa kawaida ana nyumba, shamba, gari au akaunti ya benki hapa nchini, na mali hiyo inaweza kufikiwa na amri ya mahakama hata kama mwenyewe hatakanyaga uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa miaka kumi.

Malalamiko yanayovunja nyumba nyingi huanzia kwenye mshahara. Mwajiri hutuma kiasi fulani kwa msimamizi, lakini kinachomfikia mtumishi ni nusu yake. Wakati mwingine ni wizi mtupu. Mara nyingi zaidi ni mchanganyiko: fedha za mshahara, za unga, za stima na za lishe ya ng'ombe hutumwa kwa pamoja, ng'ombe anaugua katikati ya mwezi, na mshahara wa mtumishi ndio unaongoja. Mwezi unaofuata deni husahaulika. Mtumishi hulalamika kwa majirani, kwa kuwa hana nambari ya simu ya mwenye fedha. Halafu siku moja anatoweka alfajiri, mzee akiwa bado kitandani, na familia nzima inamwita mtu asiye na shukrani.

Kifungu cha 17 cha sheria hiyo kinataka mshahara wote ulipwe kwa fedha za Kenya na umfikie mfanyakazi mwenyewe moja kwa moja. Mtu mwingine anaweza kuupokea kwa niaba yake pale tu mfanyakazi anapokosekana na awe amemwidhinisha mtu huyo kwa maandishi. Kwa hivyo desturi ya kumtumia mshahara mama mzazi wa mtumishi, au wakala aliyemleta, kwa maelezo kwamba "msichana atautumia ovyo", haina msingi. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe Machi 2007, kisingizio kwamba lazima fedha zipitie kwa mtu mwingine kimedhoofika mno. Mwajiri anayetuma mshahara kwa simu ya mtumishi mwenyewe, siku tofauti na ile anayotuma fedha za matumizi ya nyumba, huwa amepata pia kumbukumbu itakayomlinda yeye na mtumishi iwapo watahitilafiana.

Je, kiasi hicho kiwe ngapi? Katika agizo la mishahara lililoanza kutekelezwa Novemba 1, 2024, kima cha chini kwa mtumishi wa nyumbani jijini Nairobi na katika miji mingine mikubwa kiliwekwa kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Katika maeneo ya mashambani kikawa Sh8,596.49. Pengo hilo lina maana kubwa kwa waajiri walio ng'ambo, kwa sababu wengi wao huajiri watu wa kuhudumu kijijini. Kinachohesabiwa ni mahali kazi inapofanyiwa. Familia inayomhamisha yaya kutoka kijijini hadi Nairobi kumfuata mtoto aliyejiunga na shule ya jiji, kisha ikaendelea kumlipa kwa kiwango cha kijijini, huwa imevunja sheria siku ile ile aliposhuka kwenye basi.

Chakula anachokula na kitanda anacholalia havigeuki kuwa mshahara. Sheria inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi makao yanayofaa au marupurupu ya nyumba. Chumba anachopewa yaya ni utekelezaji wa wajibu huo, wala si zawadi ya kumkumbusha kila anapoomba nyongeza.

Hapa ndipo inapofaa kutazama hesabu kutoka upande wa pili. Februari 2022, Uingereza ilifungua visa yake ya wahudumu wa afya kwa watunzaji wa wazee na wagonjwa kutoka nchi za kigeni, na Wakenya walikuwa miongoni mwa walioitikia. Kuanzia Machi 11, 2024, wale walioomba upya kwa kazi hiyo walizuiwa kuandamana na wake, waume au watoto wao. Julai 22, 2025, mlango wa kuajiri watunzaji wapya kutoka ng'ambo ukafungwa. Kwa walioingia katika kipindi hicho cha katikati, kwenda kazini kulimaanisha kuwaacha watoto Kenya. Na mtoto aliyeachwa lazima awe na mtu wa kumpikia uji.

Kuanzia Aprili 2025, kima cha chini cha mshahara nchini Uingereza kwa mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Saa nane za kazi zilimpa mtunzaji pauni 97.68 kabla ya kodi. Kwa ubadilishanaji wa mwaka huo wa takriban Sh170 kwa pauni, hizo ni zaidi ya Sh16,600. Mkenya anayemgeuza kitandani mzee wa Kiingereza alipata kwa siku moja zaidi ya kile ambacho sheria ya Kenya inamtaka amlipe, kwa mwezi mzima, mtu anayemgeuza kitandani mamake mwenyewe Nairobi. Kodi ya nyumba na nauli za huko ni ghali, na hakuna anayedai mishahara ya nchi hizo mbili ilingane. Lakini mtu anayefahamu uzito wa kazi hiyo kwa mgongo wake mwenyewe hawezi kusema kwa urahisi kwamba mtumishi wake "anakaa tu nyumbani".

Hali ni ngumu zaidi kwa walio Ghuba. Maelfu ya wanawake wa Kenya wanaofanya kazi za nyumbani Saudi Arabia hulipwa takriban riyal 900 hadi 1,000 kwa mwezi, yaani kama Sh31,000 hadi Sh34,000. Mwanamke huyo naye ana watoto nyumbani. Akiwa na bahati, nyanya yao yupo na ana nguvu. Asipokuwepo, itabidi aajiri yaya. Iwapo watoto wako Nairobi na anataka kutii sheria, karibu nusu ya mshahara wake itakwenda kwa mwanamke mwingine anayefanya kazi ile ile anayoifanya yeye Riyadh. Wasomi wa masuala ya familia wameuita mtindo huu mnyororo wa malezi: mwanamke mmoja anaacha watoto wake kulea wa mwingine, na pengo aliloacha linazibwa na mwanamke maskini kumliko, ambaye naye ameacha wake kwingine. Kila pete ya mnyororo huo hulipwa kidogo kuliko iliyotangulia. Pete ya mwisho huwa msichana wa kijijini ambaye halipwi chochote isipokuwa ahadi ya kupelekwa chuo cha ushonaji.

Sheria haitofautishi kati ya mwajiri daktari na mwajiri ambaye mwenyewe ni mtumishi. Pengine huo ni udhaifu, na pengine ndiyo nguvu yake, kwa maana tumbo la anayelea halijui fedha zimetoka kwa nani. La hakika ni kwamba mwanamke anayelalamika kuwa mwajiri wake wa Ghuba amemnyima siku ya kupumzika na kumfungia simu, ana sababu kubwa zaidi kuliko mwingine yeyote ya kuuliza kama yaya wake alipumzika Jumapili iliyopita.

Kuhusu huyo msichana wa kijijini, mwajiri aliye mbali hana budi kuona nakala ya kitambulisho chake kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Jamaa wa nyumbani wanapoombwa kutafuta mtu "haraka haraka", huvutiwa na binti aliyeacha shule kwa kuwa haulizi mengi wala hadai mengi. Chini ya sheria, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kuna mipaka mikali kuhusu kazi anazoweza kupewa. Picha ya kitambulisho kutumwa kwa simu huchukua dakika moja. Kitambulisho chenyewe kibaki kwa mwenyewe. Tabia ya kukizuilia kama dhamana ili asitoroke haina kifungu cha kuitetea katika Sheria ya Ajira, na Mkataba Nambari 189 wa Shirika la Leba Duniani (ILO) uliopitishwa Juni 2011 kuhusu watumishi wa nyumbani unasisitiza haki yao ya kukaa na stakabadhi zao.

Mkataba wa kazi nao usionekane kuwa jambo la kizungu. Ajira yoyote ya miezi mitatu au zaidi hutakiwa kuandikwa, na ni mwajiri anayepaswa kuuandaa. Asiyejua kusoma hutakiwa kuelezwa yaliyomo kwa lugha anayoielewa. Jambo ambalo waajiri hawalijui ni kwamba mzozo ukifika mahakamani na mwajiri ashindwe kutoa maandishi hayo, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha kile ambacho mfanyakazi anadai walikubaliana. Mwajiri wa Minnesota anayetegemea kumbukumbu ya mazungumzo ya simu ya miaka minne iliyopita, yaliyofanywa kupitia kwa shemeji ambaye sasa hawasemezani, ana kibarua kigumu. Ukurasa mmoja ungetosha: majina, kazi zenyewe, mshahara, siku ya kulipwa, siku ya mapumziko, likizo, na jina la mtu mmoja anayeruhusiwa kutoa maagizo mwajiri akiwa mbali.

Jambo hilo la mwisho lina faida kubwa. Boma likishakuwa na mtumishi anayelipwa na mtu wa ng'ambo, kila jamaa hugeuka mkubwa wake. Mjomba akipita huagiza chai, binamu huleta nguo zake kufuliwa, na shemeji humtuma sokoni siku ambayo bibi alipaswa kupelekwa kliniki. Mtumishi hana uwezo wa kukataa. Maandishi yanapotaja msimamizi mmoja, mtumishi hupata ngao, na msimamizi naye hupata heshima ya kujua mamlaka yake yanaishia wapi: kuhakikisha kazi inafanyika na kupasha habari, bila kugusa mshahara wala kumfukuza mtu pasipo idhini.

Saa za kazi ndizo mtihani halisi kwa wanaotunza wazee. Agizo la jumla la mishahara linaweka wiki ya kawaida ya kazi kuwa saa zisizozidi 52, zikigawanywa katika siku sita, na sheria inatoa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Lakini mzee aliyepoteza kumbukumbu haheshimu ratiba. Huamka saa nane usiku akitaka kwenda kukama ng'ombe waliouzwa miaka 20 iliyopita. Anayelala chumba kimoja naye hulala jicho moja likiwa wazi, kisha alfajiri anatakiwa kuwasha moto. Mkataba wa ILO unakiri kwamba muda ambao mtumishi hawezi kuutumia apendavyo kwa kuwa anangoja kuitwa una hadhi ya kazi, kwa kadiri sheria za nchi zitakavyoamua. Familia inayotaka mtu mmoja afanye zamu ya mchana na ya usiku kwa siku saba haina mtumishi mmoja, bali inahitaji wawili. Ndugu watano walio ng'ambo, kila mmoja akichangia kidogo, wanaweza kumudu hao wawili kwa urahisi kuliko gharama ya kumlaza mama hospitalini baada ya kuanguka usiku.

Kwa wengi, jibu la wasiwasi huo limekuwa kamera. Intaneti imefika vijijini, bei ya vifaa imeshuka, na sasa mtu anaweza kukaa kwenye treni ya Toronto akitazama sufuria likichemka huko Kisii. Kamera iliyo sebuleni au kwenye mlango wa mbele ina manufaa yake. Imewahi kufichua mateso kwa watoto na wazee ambayo hakuna jirani angeyajua. Ila Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha, na mtumishi hakuivua haki hiyo langoni. Ni haki yake kuambiwa kamera ziko wapi. Kamera iliyofichwa katika chumba anacholala au anakooga haiwezi kutetewa kwa hoja yoyote ya usalama. Kuna jambo jingine pia: kamera huonyesha kilichotendeka, haiulizi kwa nini. Mwajiri anayemwona mtumishi ameketi saa tano mchana hajui kwamba usiku kucha hakufumba macho. Simu ya kumuuliza ingemweleza hayo kwa dakika mbili, mradi isiwe simu ya kugomba.

Desemba huleta kisa chake cha kila mwaka. Ndio mwezi ambao wana wa ng'ambo hurudi, nyumba hujaa, kuku huchinjwa na wageni hulala hadi sebuleni. Pia ndio mwezi ambao mtumishi angependa kuwa na watoto wake. Sheria humpa likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi, zenye malipo kamili, baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Kwa kuwa likizo ya mwajiri na ya mtumishi huangukia wakati mmoja, ya mtumishi huahirishwa hadi Januari, halafu Januari mwajiri amesharudi Atlanta na hakuna wa kumshikia zamu. Mwaka unapita. Anayefika uwanja wa ndege akiwa na sanduku la zawadi kwa kila jamaa, na fulana moja kwa mtumishi, hujiona mkarimu. Likizo ya miaka mitatu isiyolipiwa ni deni, na fulana hailipi deni.

Kufukuzwa kwa simu ni jambo jingine linalowagharimu waajiri. Kitu kinapotea, msimamizi anamshuku mtumishi, mwajiri anapigiwa simu akiwa kazini na kwa hasira anasema, "Mwambie aende." Kifungu cha 41 kinataka mfanyakazi anayekabiliwa na tuhuma aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, akiwa na mwenzake anayemchagua, na asikilizwe kabla ya uamuzi. Simu ya video inaweza kabisa kutumiwa kumsikiliza mtu. Kinachokosekana ni subira. Mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi ana haki ya notisi ya siku 28 au malipo ya muda huo. Mahakama ikiona alifutwa isivyo haki, inaweza kumpa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Watumishi wameanza kuyajua haya, kupitia kwa maafisa wa leba na chama cha KUDHEIHA ambacho huwatetea wafanyakazi wa nyumbani, na kupitia kwa wenzao kanisani na sokoni.

Kuna pia makato ya lazima, ambayo waajiri wengi wa majumbani hawayagusi kabisa: hazina ya uzeeni ya NSSF, bima ya afya ya jamii ya SHIF ambayo tangu Oktoba 2024 hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na ada ya nyumba ya asilimia 1.5 kutoka kila upande. Malipo hayo hufanywa kwa mtandao, hivyo aliye ng'ambo hana kisingizio ambacho aliye Nakuru hana.

Mambo haya yote huonekana kuwa ya pembeni hadi siku mzee anapofariki. Wana hurejea kwa ndege, kamati ya mazishi huundwa, na kwa wiki mbili mtumishi hupikia umati. Katika hotuba za mazishi atatajwa kwa wema, kwa kuwa ndiye aliyesikia maneno ya mwisho ya marehemu. Baada ya kaburi kufunikwa, ndugu huketi kuzungumzia shamba, ng'ombe na nyumba. Mtumishi, ambaye kwa miaka sita alilala katika chumba cha marehemu, hujua kazi imekwisha kwa kuona godoro likitolewa nje.

Kazi inapokwisha bila kosa la mfanyakazi kwa sababu nafasi yake haipo tena, sheria inaweza kuihesabu kuwa ni kupunguzwa kazini. Hilo likiwa hivyo, kuna notisi ya mwezi mmoja kwake na kwa afisa wa leba, malipo ya likizo aliyokuwa anadai, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Kwa aliyehudumu miaka sita, hiyo ni mishahara ya miezi mitatu. Kiasi hicho ni kidogo kuliko tiketi moja ya ndege iliyonunuliwa kwa dharura ili kuwahi mazishi. Kikiwekwa katika bajeti ya kamati, pamoja na hema, chakula na gari la kubeba jeneza, hakuna atakayekihisi. Kisipowekwa, ndugu watatawanyika kurudi Marekani, Uingereza na Ghuba kila mmoja akidhani mwenzake alishughulikia jambo hilo, naye mtumishi atasimama kando ya barabara na begi lake, akipiga nambari ya msimamizi ambaye simu yake sasa haishikwi.